Sindano ya Shemeji Calist

Uvumi ulimganda Scholastika kama kupe: eti kule hospitali walikokata kinyama kwenye goti la bintiye Eliana, wanakifuga chupani, kinakua. Aliyeuleta kijijini Ilongero ni shemeji yake Calist, anayezungusha dawa kwa bodaboda.

Siku ya kufuata majibu hakusalimia mtu.

"Mnafuga ugonjwa wa mwanangu?"

Kudra wa maabara hakukana. "Tunaufuga, mama. Tulikueleza, ukakubali."

"Nilikubali mtafute dawa. Sikusema muulishe!"

Kudra akamgeuzia kompyuta. Picha ya kwanza, seli za saratani ya mfupa zilikuwa chache, kama mtama ulioota vibaya. Ya pili zimejaa, zimepandana.

"Hizi za pili tumezitia kichochezi cha ukuaji, tuone zitafanyaje. Ndicho kinachouambia mwili uunge mfupa. Saratani nayo inakisikia. Chupa si mtoto, mama, lakini mimi mwanangu nisingemtia kichochezi hiki."

Scholastika akaondoka bila kuaga. Nyumbani akamkuta Eliana mkekani, mguu kaunyoosha, na Calist ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Shikamoo mama," Eliana akasema.

"Ya nini hiyo, Calist?"

"Kichochezi cha ukuaji, shemeji. Kinaotesha mfupa mpya. Au unangoja wamkate mguu, utafute wa kuoa kiwete?"

Scholastika akamwonyesha mlango. "Toka kwangu."

"Kwako? Hapa kwa kaka yangu!"

"Kaka yako yuko kaburini, na ng'ombe wake umeshawala. Mtoto huyu hutamla."

Akanyakua mchi wa kinu, akalitwanga boksi la dawa alilokuja nalo Calist mpaka vichupa vikawa unga. Calist akarudi kinyumenyume hadi kwenye pikipiki, sindano bado mkononi.

"Akifa usinililie!"

"Nitakulilia polisi."

Asubuhi akampeleka Eliana hospitali kuanza dripu za dawa ya saratani. Kisimani wanawake walimsema kwamba amemfukuza ndugu. Akawajibu hivi, na kila mwenye mtoto aliyevimba mfupa ashike:

Usiukande uvimbe, wala kuuchua kwa mafuta ya moto.
Usiuchanje.
Usingoje upungue wenyewe.
Usimchome mtoto dawa ya kukuza au kuotesha mfupa, asiyoijua daktari wake.
Usipokee sindano kwa kuwa tu aliyeishika ni shemeji.