Nyota za Kitambaa Cheusi

Pazia la studio ya picha lilichorwa ndege, na mbele yake watu chungu nzima walikuwa wameshasafiri bila kuvuka kizingiti. Mwenye studio alikuwa kaka wa mama yake Kimya, na ndiye aliyempa mpwa wake jina hilo kwa jinsi alivyokuwa mtu wa kutazama kuliko kusema.

"Mimi nawapandisha watu ndege kila siku kwa kitambaa na taa," Mjomba alimwambia fundi cherehani wa mlango wa pili, akimsogezea simu yenye picha ya watu mwezini. "Wao na mahela yao washindwe kupandishana mwezini kwa pazia? Tazama hapo. Anga nyeusi tii, nyota hata ya dawa hakuna! Mchoraji wao alisahau."

Fundi akacheka mpaka futi ikamponyoka shingoni. "Walibania rangi, bwana!"

Kimya alikuwa kando, ameshika taa. Mwaka wa tatu huo anashika taa. Kamera aliigusa kwa kuifuta vumbi tu, ingawa mikono ilimwasha. Alikumbuka kwamba kila alipommulika bibi harusi, vile vitaa vya urembo ukutani havikutokea pichani. Kwa nini?

"Mjomba, labda nyota zilikuwepo, kamera haikuziona."

"Kumbe ana mdomo!" fundi akasema.

Mjomba akakunja mikono. "Haya. Nionyeshe nyota zinazojificha, na kuanzia leo picha za paspoti unapiga wewe. Ukishindwa, habari za kamera nisizisikie mwaka mzima."

Kimya akaazima sindano kwa fundi, akakitoboatoboa kitambaa cheusi, akakitundika kwenye dirisha linalotazama ujia wa nyuma wenye kivuli. Alipofunga mlango, vijitundu vikameremeta.

"Lo!" fundi akanong'ona.

Mjomba akasimama mbele ya anga ile na shati lake jeupe. Kimya akabonyeza. Wakakusanyika kwenye kioo cha kamera.

"Nyota zimetoka zote," fundi akasema. "Mjomba wako ndiye hayupo!"

Kweli, Mjomba alikuwa kivuli tu. Kimya akatazama huku na huku. Kisha akaiona taa sakafuni, imezimwa. Miaka yote ile ameishika yeye. Leo mikono imejaa kamera, akaisahau!

"Wale wa mwezini walisimama juani," akasema. "Fundi, nishikie taa."

"Mimi tena?"

"Wewe. Imulike shati."

Taa ikawaka. Kimya akazungusha kigurudumu cha kamera taratibu, akipunguza mwanga unaoingia, mpaka vifungo vya shati vikaonekana kimoja kimoja. Akabonyeza.

Mjomba akaichukua kamera. Pichani shati lilikuwa safi, na nyuma yake giza tupu. Akageuka dirishani: vijitundu bado vinameremeta. Akaitazama picha. Akageuka tena.

"Mmezima nini huko nyuma?"

"Hakuna kilichozimwa, Mjomba. Shati limezishinda nyota kwa mwanga."

Mlango ukagongwa. Mteja alitaka picha ya paspoti, ana haraka.

"Ya mwezini sijasema nimekubali," Mjomba akanung'unika. "Nitayafikiria." Akamvika Kimya mkanda wa kamera shingoni, kisha akaichukua taa mkononi mwa fundi.

"Niishike juu au chini?"

"Chini kidogo, Mjomba," Kimya akasema, jicho lake likiwa kwenye kamera.