Uzi wa Chumba Namba Nne

Saa nne asubuhi, mtaalamu wa maabara ya uwanja wa ndege alipomaliza kusoma vinasaba vya kirusi cha abiria wa chumba namba nne cha karantini, uzi mweupe ulitoka kifuani mwa abiria huyo, ukapenya ubavuni mwa mlango na kushika njia ya ngazi. Mfagizi aliuruka, akaendelea kufagia.

Abiria alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, aliyerudi kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Siku ya kufika alipimwa, akaonekana mzima. Kesho yake mkurugenzi wa uwanja, ambaye yeye pia alikuwa ametoka safari, alikuja kupiga picha na waliowekwa karantini, barakoa ikining'inia kidevuni. Siku ya tano mama akaanza kukohoa, na ikatangazwa kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa.

Mtaalamu aliufuata uzi hadi ghorofa ya tatu. Uliishia kwenye tai ya mkurugenzi. Ndivyo herufi za vinasaba zilivyosema: kirusi cha mama kilikuwa na mabadiliko yote ya kile cha sampuli ya mkurugenzi, na moja la kwake zaidi, kama mtoto aliyerithi pua ya baba akaongeza ukaidi wake. Akaandika ripoti, akamwachia mkurugenzi, akashuka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeambukizwa," mama alisema kwenye kidirisha.

"Ndiyo, mama."

"Na nimeshapona, mmenipima wenyewe. Nifungulie, mwanangu. Binti yangu uchungu umemwanza."

"Wagonjwa wakipona wanatoka. Chanzo hakitoki, na wewe bado umeandikwa chanzo mpaka mkurugenzi asaini ripoti."

Mama aliuvuta uzi. Juu, mkurugenzi akainama ghafla mbele ya wageni wake, wakamwinamia nao kwa adabu.

"Uzi mzuri huu," mama alisema. "Haukatiki."

Mtaalamu alijionea aibu, lakini mwenye nguvu mpishe. Mkurugenzi aliisoma ripoti, akaitia kwenye droo, akaagiza ngazi zitandikwe zulia juu ya uzi.

Saa nane simu ya mama iliita: msichana, mzima, ana sauti kubwa. Mama alicheka, kisha akalia, akauliza uzito.

Kabla hajajibiwa seremala aligonga. Kitasa kilikuwa hakishiki vizuri kwa sababu ya uzi. Alichonga kwa patasi mfereji mwembamba kwenye fremu, akaulaza uzi humo.

"Samahani, mama," alisema. "Usiuvute kwanza, nijaribu."

Mama akauachia. Mlango ukafunga vizuri.