Magugu Yanayofuata Jembe

Mkaguzi wa mimea aliweka chini fremu yake ya waya ya kupimia mimea, akapiga goti, akaanza kuchambua majani yaliyomo ndani, akitafuta yale yanayoota palipochimbwa. Shemeji yake, fundi cherehani, alisimama nyuma ameshika mfuko wa vigingi. Tangu askari wamchukue mumewe hakuwa mke wala mjane. Alitaka kitu kimoja tu: kumzika.

"Nyasi fupi, ngumu," mkaguzi alisema. "Udongo wa mawe, haujaguswa. Tusogee."

"Kaka yako angekuona unavyotambaa, angecheka mpaka akae chini."

"Na angenipanda mgongoni."

Bondeni kulikuwa na matete. Aliyapita; maji yakituama hivyo, hakuna anayechimba. Juu kidogo fundi aliona mnavu na mchicha pori vimenawiri, akavikimbilia.

"Hapa!"

Mkaguzi alichota udongo, akaunusa. "Samadi. Palikuwa na zizi. Pole, shemeji, usivunjike moyo."

"Ulishavunjika. Hivi ninavyotembea navyo ni vipande."

Walipopita zizi wakarudi kwenye nyasi fupi, na mara sketi ya fundi ikajaa mbegu nyeusi za kishona nguo zinazonasa. Mkaguzi aliinua mkono.

"Simama hapo. Hili ni gugu la shambani, hufuata jembe. Huku nani amewahi kulima?"

Fundi alitoa kigingi, akampa. Mkaguzi alikichomeka pale nyasi zilipokoma na kishona nguo kuanzia, kisha wakaufuata mpaka huo polepole, yeye akichomeka, fundi akimpa. Fundi alikuwa akimpima mumewe kichwani. Alikuwa mrefu, miguu ilitokeza kitandani. Wakapita urefu wake. Wakapita urefu wa chumba, kisha wa nyumba nzima, na magugu bado yalikuwa upande wao wa kushoto.

"Shemeji, mtu mmoja hachimbiwi hivi."

"Labda palilimwa zamani."

"Kwenye mawe haya?"

Mkaguzi alifuta jasho. "Sijui bado. Sitaki kusema nisichokijua."

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Vigingi vilikuwa vimekwisha na mpaka haujapinda. Aliwafikiria wanawake waliosimama naye kwenye geti la kambi ya askari, kila mmoja na picha ya mtu wake kifuani.

"Kesho nakuja nao," alisema.

"Subiri kwanza tuone mwisho wake."

"Watakuja na vigingi vyao."

Jua lilikuwa linazama. Mkaguzi aliiacha fremu palepale walipofikia, iwe alama, akaanza kushuka.