Mkia wa Uzi Mwekundu

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na watoto wa Moroni nilikuwa nikiwafundisha kwa waya. Waya naukunja, unakuwa protini yenye umbo lake. Mwishoni nafunga uzi mwekundu, unaning'inia ovyo. Sehemu hiyo haina umbo maalumu, na wengi huidharau, ati takataka. Wapi! Katika protini inayozuia seli isigeuke saratani, mkia huo ndio unaoshikana na protini wenzake, na kwa kila mwenzake hujikunja namna nyingine. Ukikatwa, ulinzi unaharibika.

Ikaja Aprili ya 1999, sisi Wanzuani tukasakwa mitaani Moroni kwa kuwa kisiwa chetu kimejitenga na visiwa vingine. Sokoni Volo Volo nikarushiwa maganda ya mihogo na wanawake niliozoea kununua kwao. Mimi nimejitenga na nani? Mume wangu, Mouzaoir, ni Mngazija wa hapohapo Moroni!

Tulikuwa tukikaa kwa dada yake, Moinaecha, na hilo ndilo kosa letu. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huingia kwa mkewe. Sisi tulifanya kinyume kwa ajili ya kazi yangu. Siku hiyo nikakuta sanduku langu mlangoni.

"Wifi, rudi kwenu," alisema Moinaecha. "Sitaki nyumba yangu ichomwe."

Nikamtazama Mouzaoir. Akatazama miguu yake. Angesema nini, katika nyumba isiyo yake? Nikapanda meli peke yangu, nimefura kwa hasira.

Mutsamudu, mjini kwetu, nako mjomba wangu Inzoudine alikuwa akinisubiri.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema. "Sasa dai talaka. Na punguza hiyo lafudhi ya Moroni."

Kule naitwa Mnzuani, huku Mngazija! Wote wanataka niwe waya mtupu usio na uzi.

Wiki chache baadaye Mouzaoir akashuka bandarini. Vijana walimpiga njiani, akafika kwangu mdomo umepasuka. Mjomba akasimama kizingitini.

"Huyu haingii."

"Mjomba, nyumba hii ni ya nani?"

Baba alinijengea mimi, na mji mzima unajua.

"Basi ondoka kwenye kizingiti changu."

Akaondoka. Mouzaoir akaingia, akaniomba radhi kwa Kinzuani kibovu. Nilikuwa bado namkasirikia. Nikamletea maji ya kunawa damu.