Kisanduku cha Nne Chini ya Boga

Ndugu yangu Shrinidhi aliniomba jambo dogo tu: niseme nilichora ua.

Tulikuwa kwenye ngazi za Mahakama Kuu, Bengaluru, na mikono yake ilikuwa baridi. Kampuni kubwa ya simu ilikuwa inatumia uvumbuzi wake: ujumbe unaosubiri wenyewe mtandao ukikatika, kisha unafika kwa mpangilio, bila kurukwa wala kurudiwa. Alikuwa na hataza, cheti cha serikali kinachosema uvumbuzi ni wake. Alipoishtaki, kampuni ikajibu kwamba hataza hiyo ni batili. Sheria ni kavu: ukiwaonyesha watu uvumbuzi kabla ya kuuandikisha, umeshakuwa wa kila mtu.

Na aliyewaonyesha ni mimi.

Siku ya Ayudha Puja, tunapovipaka vyombo vya kazi manjano na kuvivika maua, mimi ndiye niliyepamba ofisi yake. Ubaoni palikuwa na mchoro wa ule uvumbuzi, visanduku vitano na mishale. Siku hiyo wanawake wenzangu huchora tausi kizingitini kwa unga. Mimi, kwa majivuno yangu, nilichora hapo kizingitini mchoro ule ule wa ubaoni, kwa unga wa mchele, mshale kwa mshale. Wageni sitini waliupita wakiusifu. Shrinidhi aliandikisha uvumbuzi wiki tatu baadaye.

Mgeni mmoja alipiga picha. Bahati yetu, boga tunalolipasua kufukuza husuda lilikuwa limepasuliwa juu ya kisanduku cha nne, likakifunika chote. Bila hicho, mchoro hauna maana. Wageni wenyewe walikumbuka vitamu tu. Kesi nzima ikabaki kwenye ulimi wangu.

"Dada, ua moja tu," Shrinidhi alisema. "Watu arobaini wanakula kwangu."

"Na kiapo je?"

"Kiapo nitakibeba mimi. We sema ua."

Nikakubali. Nilimlea huyu tangu mama yetu afariki. Ningemkatalia kwa uso upi?

Wakili wa kampuni, mzee Cariappa, ana sauti ya upole inayotisha kuliko kelele. Alinisogezea picha kizimbani.

"Mama Girija, hapa chini ya boga ulichora nini?"

Kabla sijafungua kinywa, wakili wetu, Hegde, aliinuka.

"Mheshimiwa, shahidi ni mama wa nyumbani. Anajua unga na maua. Mambo ya mtandao hata aelezwe mwaka mzima hayatamwingia."

Watu wakacheka chinichini. Nikamtazama Shrinidhi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Hasira zilinipanda mpaka nikashika ukingo wa kizimba. Kisanduku cha nne kilikuwa changu. Ni mimi niliyemwambia, jikoni, mwiko mkononi, aupe kila ujumbe namba, kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari. Aliacha chakula kikapoa, akaandika. Kwenye cheti jina ni lake peke yake, na sikuwahi kulalamika.

"Wakili, kaa," jaji alisema. "Mama, jibu swali."

"Naomba kalamu na karatasi."

Nilichora visanduku vyote vitano bila kuitazama picha.

"Hiki ndicho cha nne," nikasema. "Kila ujumbe unapewa namba. Simu inayopokea ikiona sita kisha nane, inajua saba bado iko njiani, inasubiri. Hicho ndicho kilichokuwa chini ya boga."

Jaji aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha haya?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha yeye."

Hegde akafunga jalada lake. Cariappa akasema hana swali zaidi, akaketi.

Shrinidhi alinisubiri nje, mgongo ukutani, uso umemsawajika.

"Dada, umenimaliza."

"Na wewe uliitikia kwa kichwa," nikamwambia, kisha nikalia palepale, mbele ya mawakili wa kampuni.