Mke Naye Aliitwa Kwenye Usaili

Kampuni ya saruji ilipotafuta msimamizi wa tanuru kwa kiwanda chake kipya ng'ambo, mchujo ulibakiza mafundi wawili: kapera mmoja, na yule ambaye karakana nzima ilimwita Nyundo. Kazi wote waliiweza. Basi kampuni ikaomba kumwona mke wa Nyundo.

"Aliyeumwa na nyoka, shemeji, akiona ung'ongo hushtuka," afisa wa ajira alimwambia huku akimmiminia chai. "Tunapeleka fundi hodari, mkewe anakonda kwa kukumbuka kwao, wote wanarudi. Kuna mtu nyumbani anayewategemea?"

Alikuwepo. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kusahau: alibandika sufuria tupu jikoni, akatoka akapotea mtaani kwao wenyewe. Lakini asubuhi ile Nyundo alikuwa amemsihi, "Wakisikia habari za mama, watampa kapera. Kaka yupo, atamwangalia."

"Hakuna," mke akajibu.

Wakaenda. Kaka yake Nyundo alikuwa dereva wa lori. Akisafiri alimwachia mama chakula na maji, akafunga mlango kwa kufuli asije akapotea. Safari moja lori likavunjika ekseli porini, kusiko na mtandao wa simu. Majirani walimsikia bibi akigonga mlango, ila walishazoea kugonga kwake. Kaka aliporudi, alimkuta amelala chini nyuma ya mlango, ameshapoa.

Nyundo alipopata habari alikwenda kwa meneja, machozi yakimtoka.

"Pole sana," meneja alisema. "Lakini tanuru ndiyo kwanza limewashwa. Ukiondoka sasa, nitamleta mwingine."

Nyundo alifuta machozi. Kisha akavaa kofia yake ngumu, akarudi zamu.

Mkewe alipoambiwa hakubishana. Alipanga nguo zake kwenye begi, akapanda ndege peke yake. Alikuta kaburi bado bichi. Shemeji yake alikuwa amekaa uani, hali, hasemi, hamtazami mtu usoni.

Matanga yalipoanuliwa, Nyundo akapiga simu. "Unarudi lini?"

"Sirudi. Njoo wewe umwone kaka yako kabla hatujamzika naye."

"Mkataba ukiisha, mke wangu."

"Mama yako aligonga mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Mimi ndiye niliyefua nguo zake za mwisho, nikaona damu."

Mke akakata simu, akaenda kumbembeleza shemeji yake anywe walau uji.