Herufi ya Mwisho

Jhumi alikwishatumbukiza mguu wa pili kwenye bakuli la unga wa mchele uliokorogwa, mama mkwe wangu alipopiga ukelele.

"We mama Jhumi, umelala? Mwanao anamtoa Lokkhi nyumbani mchana kweupe!"

Siku ya sikukuu ya Lokkhi, mungu wa kike wa heri, kila nyumba ya kichochoro chetu huchora vijiguu vyake kwa unga huo, vikitoka njiani kuingia ndani. Vya Jhumi vilitoka. Vilivuka kizingiti, vikapita bombani, vikakomea kwenye ukuta wa pembeni.

"Siyo Lokkhi, bibi," alisema. "Ni mimi. Naenda kumchukua baba."

Alikuwa na miaka minne. Ukutani palikuwa na maneno mekundu, marefu kuliko mtu: NYUMBA YAKO INAKUNGOJA. Tangazo la ghorofa zilizojengwa ng'ambo ya bwawa, ambazo sisi wa kichochoroni tuliingia kupiga deki tu. Subol, mume wangu, ndiye aliyeyaandika. Nilimshikia ngazi, Jhumi mgongoni, naye akiimba na brashi mdomoni. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Mabango ya plastiki yalipoenea Kolkata nzima, brashi zake zikakauka, akaenda Doha kupaka rangi vyumba vya watu.

Alipoyaandika, sikujua kusoma. Nilipoanza masomo ya jioni, sentensi ya kwanza niliyoisoma peke yangu ilikuwa ile. Niliisoma nikiwa na ndoo mkononi, nikaiweka chini.

Mama mkwe alipiga magoti na kitambaa kibichi, afute nyayo. Nikamshika mkono.

"Ziache, Ma."

"Bahati itatoka!"

"Ipi tena, Ma? Iliyokuwapo ilipanda ndege."

Akakaa palepale chini, kitambaa mapajani, mwanawe machoni mwake.

"Basi chora na za kurudi," alisema. "Kubwa. Yule ana miguu kama makasia."

Nikazichora, kutoka ukutani hadi mlangoni, Jhumi akinisahihisha: "Baba hana vidole vinne!" Uji wa unga uliobaki bakulini nikaupeleka ukutani. Chini ya herufi za Subol nikaandika, herufi baada ya herufi: NASI PIA.

Jioni nilimtumia picha. Alipopiga simu, mashine fulani ilikuwa ikinguruma nyuma yake.

"Herufi ya mwisho imepinda," alisema.

"Kesho nitainyoosha."

"Usiiguse, mama Jhumi. Hiyo niachie mimi."

Sasa Jhumi ana miaka saba, na baba yake bado yuko Doha. Mvua zikiisha, narudia maneno yangu kwa chokaa. Herufi za Subol zimefifia hadi matofali yanaonekana. Zangu zinazidi kunenepa. Ile ya mwisho naifuata taratibu, mpindo kwa mpindo, nisije nikainyoosha.